Wanapolaumu mila: misaada ya maafa Kivu Kaskazini

Tarehe 30 Desemba 2018 maelfu ya wakazi wa mji wa Beni, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, walijipanga foleni kupiga kura ambayo hakuna tume iliyokuwa tayari kuihesabu. Siku nne kabla yake, Tume ya Uchaguzi ilikuwa imetangaza kwamba Beni na mji jirani wa Butembo hazitashiriki uchaguzi wa rais pamoja na nchi nzima, bali zitapiga kura Machi ya mwaka uliofuata, na sababu zilizotajwa zilikuwa ukosefu wa usalama na ugonjwa wa Ebola. Wananchi wakaandaa uchaguzi wao wenyewe. Walinawa mikono kabla ya kusogelea sanduku, kama walivyokuwa wakielekezwa na wahudumu wa afya kwa miezi kadhaa, ili Kinshasa ione kwamba ugonjwa haukuwa sababu ya kuwanyima haki yao. Tarehe 27, katika mji huohuo, waandamanaji waliokasirishwa na tangazo la Tume walikuwa wamevamia kituo cha muda cha kupokelea watu wanaoshukiwa kuwa na Ebola, wakakiharibu, na wagonjwa waliokuwa wakisubiri majibu ya vipimo wakakimbia.

Wiki moja, mji mmoja: kituo cha Ebola kinavunjwa, na watu wananawa mikono kwa ajili ya Ebola. Anayetafuta maelezo katika mila za Wanande, ambao ndio wengi katika eneo hilo, atajisumbua bure, kwa sababu hakuna desturi ya kabila lolote inayoweza kueleza tendo la kwanza bila kukanushwa na la pili. Maelezo yako wazi katika tangazo la Tume: Machi ilipofika, rais mpya alikuwa ameshaapishwa tangu tarehe 24 Januari, na kura ya Beni na Butembo ikabaki kuwa ya wabunge tu. Hata hivyo, katika taarifa nyingi za mashirika za wakati ule, matukio kama hayo yaliwekwa chini ya kichwa kimoja, yaani upinzani wa jamii, na tiba iliyopendekezwa ikawa kuielimisha jamii zaidi.

Naliona hapo kosa ambalo mashirika ya misaada hulifanya mara mbili kwa njia mbili tofauti. La kwanza linasemwa sana: kuingia mahali penye msiba bila kujua watu wa hapo wanazikaje, wanafikiaje uamuzi, nani anamsikiliza nani. La pili halisemwi sana, nalo kwa maoni yangu ni baya zaidi: kuufanya utamaduni kuwa jalala la kutupia kila kilichoshindikana, hata pale ambapo kilichoshindikana ni siasa, historia, ajira au mpango wenyewe. Umahiri wa kitamaduni, kama unavyofundishwa katika semina ya siku moja kabla ya mtumishi kupanda ndege, hulitibu kosa la kwanza kwa sehemu na hulistawisha la pili, kwa sababu humpa mgeni orodha ya tabia za wenyeji na kumwacha aamini kwamba kila atakachokutana nacho kimo katika orodha hiyo.

Kivu Kaskazini ni mahali pazuri pa kuipima hoja hii, kwa kuwa mkoa huo umepata maafa ya kila namna na kupokea misaada ya kila namna, na kwa kuwa wakazi wake huongea Kiswahili, hivyo sisi wasomaji wa lugha hii hatuna sababu ya kuwatazama kama watu wa mbali.

Mlipuko wa Ebola ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ukianzia Mangina, karibu na Beni, na ukatangazwa kumalizika tarehe 25 Juni 2020. Watu 3,470 waliugua na 2,287 walifariki dunia, idadi iliyoufanya kuwa wa pili kwa ukubwa katika historia ya ugonjwa huo baada ya ule wa Afrika Magharibi wa 2014 hadi 2016. Tofauti na Afrika Magharibi, safari hii chanjo ilikuwapo tangu mwezi wa kwanza wa mlipuko, na hatimaye zaidi ya watu 300,000 walichanjwa. Fedha zilipatikana kwa mamia ya mamilioni ya dola. Wataalamu walikuwapo, wengi wao wakiwa na uzoefu wa Guinea, Liberia na Sierra Leone. Kwa vifaa na ujuzi, hakuna mlipuko uliowahi kukabiliwa na watu waliojiandaa vizuri kuliko hao, na bado ulichukua karibu miaka miwili.

Septemba 2018 watafiti waliwahoji watu wazima 961 wa Beni na Butembo. Robo yao, yaani asilimia 25.5, walisema hawaamini kwamba Ebola ipo. Hiyo ndiyo takwimu iliyoenea. Katika utafiti huohuo, asilimia 31.9 tu ndio walioamini kwamba viongozi wa eneo lao wanatetea maslahi yao, na takwimu hii ya pili ndiyo inayoipa ile ya kwanza maana. Mtu asiyemwamini anayemletea habari atakuwa mzembe akiiamini habari yenyewe kwa sababu tu imeletwa na gari jeupe.

Tena hawakukosa sababu. Tangu Oktoba 2014 vijiji na mitaa ya pembezoni mwa Beni vilikuwa vikishambuliwa usiku, watu wakiuawa kwa mapanga na mashoka kwa mamia, katika mauaji ambayo kwa sehemu kubwa yalihusishwa na kundi la waasi la ADF lenye asili ya Uganda. Jeshi la taifa lilikuwapo, na walinda amani wa Umoja wa Mataifa walikuwapo. Kwa miaka minne hakuna dharura ya kimataifa iliyotangazwa kwa ajili ya mauaji hayo, ilhali kwa Ebola ilitangazwa, tarehe 17 Julai 2019. Mwaka huohuo wa 2019 surua iliingia nchini Kongo kwa nguvu, wagonjwa walioshukiwa wakafika 310,000 na waliofariki wakazidi 6,000, wengi wao watoto wadogo, na fedha zilizotengwa kwa surua hazikukaribia zile za Ebola. Mama wa Beni aliyeuliza kwa nini dunia imeanza kumjali kwa ugonjwa unaoweza kuvuka mpaka, na si kwa ule uliomuulia mwanawe au kwa panga lililomuulia mumewe, alikuwa ameuliza swali la sera ya afya, lakini fomu ya shirika ililiandika kama uvumi.

Haya hayana maana kwamba desturi hazikuhusika kabisa. Zilihusika hasa katika mazishi, na hapo ndipo penye mfano mzuri wa kazi iliyofanyika vyema. Maiti ya aliyekufa kwa Ebola ina virusi vingi kuliko mwili wa mgonjwa aliye hai, kwa hiyo kuiosha, kuivisha na kuikumbatia ni njia ya uhakika ya kuambukizwa. Mwanzoni timu ya mazishi ilifika ikiwa imeshavaa mavazi meupe yanayofunika hadi macho, ikapuliza klorini ndani ya nyumba, ikauingiza mwili katika mfuko uliofungwa, ikauchukua. Familia ilisimama mbali ikitazama watu wasio na sura wakiondoka na mtu wao. Haikuchukua muda mitaani kukasemwa kwamba mifuko ile ina mawe, au kwamba miili inaondolewa viungo kwenda kuuzwa.

Wafanyakazi wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu wa Kongo walianza kuandika kila walichosikia, neno kwa neno kadiri walivyoweza, na maneno hayo yakapangwa na kuchambuliwa kila wiki. Kutokana nayo mambo kadhaa yalibadilika. Timu ilifika ikiwa na nguo za kawaida, ikasalimia, ikajitambulisha, kisha ikavaa mavazi ya kinga mbele ya wafiwa. Mmoja wa ndugu alipewa mavazi hayohayo ili ashuhudie kila hatua. Familia iliruhusiwa kuchagua nguo na vitu vya kuweka katika jeneza. Ikaletwa mifuko yenye sehemu angavu ili uso wa marehemu uonekane. Kwa upande wa virusi hakuna kilichobadilika, kwani mwili bado haukuguswa na mikono mitupu na kaburi bado lilichimbwa kwa vipimo vilevile. Kilichobadilika ni kwamba familia iliona. Ukifikiria vizuri, hapakuhitajika mtaalamu wa mila za Kinande kugundua kwamba mtu anataka kuhakikisha anayezikwa ni mzazi wake. Mtu yeyote wa Tanga, Kisumu au Lyon angedai vivyo hivyo, na timu ya kwanza ilikosea kabla hata haijafika kwenye jambo lililo la Wanande peke yao.

Mfano mwingine ni chumba cha plastiki angavu ambacho shirika la ALIMA lilikitumia katika kituo cha matibabu cha Beni. Ukuta wake una glavu zilizounganishwa humohumo, hivyo muuguzi humhudumia mgonjwa akiwa nje bila kuvaa mavazi mazito, na ndugu huweza kusogea hatua chache kutoka kitandani, wakaonana na kuongea. Pembeni ya vituo vya Beni na Butembo palikuwa pia na sehemu ya kulelea watoto ambao mama zao walikuwa wamelazwa au wamefariki, na walezi wake walikuwa watu waliopona Ebola, ambao kwa kinga waliyoipata waliweza kumbeba mtoto kifuani bila woga. Hao hawakupewa semina juu ya malezi ya Kikongo. Waliajiriwa kwa sababu walikuwa na kitu ambacho mgeni hana, na mpango ukapangwa kukizunguka kitu hicho.

Tofauti hii ndiyo kiini cha jambo. Kuna kuujua utamaduni ili kuupitisha mpango ambao umekwisha kuamuliwa, na kuna kuujua ili mpango wenyewe upindwe. Njia ya kwanza humtumia mzee wa mtaa kama kipaza sauti. Ya pili humpa nafasi ya kusema hapana, na hapana yake ikabadilisha ratiba.

Kwa sehemu kubwa ya 2018 na nusu ya kwanza ya 2019, njia iliyotawala ilikuwa ya kwanza. Misafara ilisindikizwa na polisi na wanajeshi, katika eneo ambalo mwanajeshi ni mmoja wa watu ambao raia amejifunza kumkwepa. Mwezi Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa na kuchomwa moto ndani ya siku chache, na Madaktari Wasio na Mipaka wakasimamisha kazi yao huko. Mwezi Machi, Joanne Liu, aliyekuwa rais wa kimataifa wa shirika hilo, alisema hadharani mjini Geneva kwamba wanaopambana na Ebola walikuwa wamegeuka kuonekana maadui, na akapinga matumizi ya nguvu za dola kuwalazimisha watu kutibiwa. Tarehe 19 Aprili, Dkt. Richard Mouzoko, mtaalamu wa magonjwa ya mlipuko kutoka Kameruni, alipigwa risasi na kuuawa hospitalini Butembo alipokuwa katika mkutano wa kazi. Mauaji hayo hayana utetezi. Lakini kuyaeleza kama matunda ya ujinga wa wanakijiji ni kuwadhulumu hata waliofariki, kwa sababu maelezo hayo hayamkingi anayekuja baada yao.

Jambo ambalo ujuzi wa kitamaduni ungesaidia kweli, na halikuonekana haraka, ni undugu unaovuka mpaka. Wanande wa Kongo na Wakonzo wa Kasese, Uganda, ni watu wamoja waliogawanywa na mstari wa wakoloni. Juni 2019 Ebola iliingia Kasese ikiletwa na familia ya pande mbili iliyokuwa imekwenda Kongo kumuuguza na kumzika mzee wao. Anayejua ukoo unavyokwenda anajua pia njia ambazo msiba utapitia, na ramani hiyo haipatikani kwenye vituo vya mpakani, kwani watu hupita kwenye vijia vya mashambani.

Kuhusu lugha nitasema machache. Vipeperushi vya mwanzo vilikuwa vya Kifaransa na Kiswahili sanifu, na wanawake wengi wa vijijini, hasa wazee, walikielewa Kinande au Kiswahili cha huko Kivu kuliko hicho cha vitabuni. Sisi wa pwani na wa Dar es Salaam tunaodhani kwamba popote penye Kiswahili pameshatatuliwa suala la mawasiliano tungefanya vizuri kulikumbuka hili kabla ya kuwacheka Wafaransa.

Goma, mji mkuu wa mkoa huo, unatoa ushahidi wa zamani zaidi. Tarehe 17 Januari 2002 volkeno ya Nyiragongo ililipuka, na lava ikateremka hadi katikati ya mji, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege na mitaa ya biashara, kisha ikaingia Ziwa Kivu. Mamia ya maelfu ya watu walivuka kwenda Gisenyi, upande wa Rwanda. Mashirika yakafanya kilichoandikwa katika miongozo: yalitenga kambi ndani ya Rwanda, Nkamira na Mudende, mbali na mpaka, yakajiandaa kugawa chakula huko. Ndani ya siku chache walio wengi walikuwa wamerudi Goma, wakitembea juu ya ganda la lava ambalo bado lilikuwa likifuka moshi. Wageni waliliona kama jambo la kushangaza, na wengine wakaliita mapenzi ya kupindukia kwa nyumbani.

Hapakuwa na cha kushangaza kwa aliyekuwa akifuatilia habari za eneo hilo. Goma ilikuwa chini ya waasi walioungwa mkono na Rwanda tangu vita vya 1998, na Mkongo wa kawaida hakuwa tayari kujiweka chini ya ulinzi wa nchi aliyoiona kuwa inamkalia. Mudende yenyewe ni mahali ambapo mwaka 1997 wakimbizi wa Kitutsi kutoka Kongo walichinjwa kambini. Tena kiwanja kilichoachwa wazi mjini Goma hupata mwenyewe mpya upesi, na biashara ndogo ikisimama wiki mbili haina mtaji wa kuanzia tena. Hesabu hizo, za usalama, ardhi na riziki, zilipigwa kwa haraka na kwa usahihi na watu waliokuwa na magodoro vichwani, na mashirika yalilazimika kuwafuata hadi Goma na kugawa huko.

Yaliyofuata yanafaa kuangaliwa kwa karibu kwa sababu ni sehemu ya kujijenga upya ambayo huwa haipati nafasi katika taarifa. Nyumba ya kawaida ya Goma ni ya mbao na mabati, si ya tofali. Mgeni huiona kama alama ya umaskini na hutamani kumjengea mwenyeji kitu cha kudumu. Lakini mahali ambapo ardhi ina kesi, ambapo mwenye kiwanja anaweza kukutoa mwezi ujao na mlima unaweza kulipuka tena, nyumba inayoweza kufunguliwa mbao kwa mbao na kupakiwa ni mali inayohamishika. Mashirika yaliyofanya vizuri mwaka ule yalitoa mbao, vifaa vya kuezekea na misumari, yakawaachia wenyewe kazi ya kujenga, nao wakajenga juu ya lava iliyopoa na kutumia mawe yake kwa kuta na misingi. Nyiragongo ulipolipuka tena jioni ya tarehe 22 Mei 2021, na siku tano baadaye serikali ikaamuru mitaa 10 kati ya 18 ya Goma ihamwe, watu wapatao 400,000 waliondoka kuelekea Sake, Minova, Rutshuru, Bukavu na Rwanda. Wengi walilala makanisani, shuleni na kwa ndugu. Familia iliyowapokea jamaa kumi hula kutoka sufuria moja nao, lakini katika orodha nyingi za ugawaji aliyehama ndiye mwathirika na aliyempokea ni mwenyeji tu, hata kama gunia lake la mahindi ndilo lililoisha.

Hata hivyo, anayesoma hadi hapa akahitimisha kwamba suluhisho ni kukabidhi kila kitu kwa viongozi wa jamii anapaswa kuikumbuka Goma ya 1994. Julai ya mwaka ule watu wanaokaribia milioni moja walivuka kutoka Rwanda ndani ya siku chache, na kipindupindu kikaua makumi ya maelfu kwenye ardhi ya mawe ambako hata kaburi halichimbiki. Mashirika, yakiwa na haraka na yakitaka kuheshimu utaratibu wa watu wenyewe, yaligawa chakula kupitia viongozi wa wilaya waliovuka pamoja na raia wao. Wengi wa viongozi hao walikuwa walewale walioendesha mauaji ya kimbari wiki chache tu kabla yake. Waliongeza idadi ya watu katika orodha, wakauza ziada, wakalisha wapiganaji, na wakaendelea kuwatawala raia kwa mgao. Tawi la Ufaransa la Madaktari Wasio na Mipaka liliondoka Novemba 1994 kwa sababu hiyo. Hapo palikuwa na heshima kwa muundo wa jamii bila kujua muundo huo ulitoka kufanya nini, na ujuzi wa mila za Kinyarwanda usingetosha. Palihitajika kujua nani alikuwa nani mwezi Aprili, mauaji yalipoanza.

Inasikitisha kwamba mwaka huohuo wa 1994 ndipo Msalaba Mwekundu na mashirika yasiyo ya kiserikali yalipotoa kanuni zao za maadili za kazi ya maafa. Kifungu cha tano kinaahidi kuheshimu utamaduni na desturi, na cha sita kinaahidi kuujenga msaada juu ya uwezo wa wenyeji. Ni ahadi nzuri. Udhaifu wake ni kwamba hakuna anayepoteza chochote asipoitimiza.

Hili linanileta kwenye suala la ajira na madaraka, ambalo semina za utamaduni hulikwepa. Wakati wa Ebola, kazi zenye mshahara mzuri zilikwenda kwa sehemu kubwa kwa watu waliotoka Kinshasa na nje ya nchi, huku wenyeji wakipata za kufagia, kuendesha na kulinda, na mitaani shughuli nzima ikapewa jina la biashara ya Ebola. Mahali ambapo ajira ni chache na anayeigawa ni mgeni asiyewajibika kwa mtu yeyote wa hapo, kinachofuata kinajulikana. Tume huru iliyoundwa na Shirika la Afya Duniani ilitoa ripoti yake Septemba 2021: watu 83 walituhumiwa kuwanyanyasa wanawake kingono katika kipindi hicho, 21 kati yao wakiwa wameajiriwa na shirika hilo, na wanawake wengi walisema waliahidiwa kazi, au kutishiwa kuipoteza. Mtumishi anaweza kuwa amefundishwa kusalimia kwa mikono miwili na kukaa mkekani, na bado akafanya hivyo. Utamaduni uliohitaji kuchunguzwa hapo ulikuwa wa mashirika.

Ushahidi ninaouthamini zaidi ulikuja baadaye, na haukupata vichwa vya habari. Februari 2021 Ebola ilirudi Butembo. Mlipuko huo ulimalizika tarehe 3 Mei baada ya kuwaambukiza watu 12 na kuwaua sita. Oktoba ukatokea mwingine Beni, wagonjwa 11 na vifo tisa, ukamalizika Desemba. Miji ni ileile na watu ni walewale ambao miaka miwili kabla walidaiwa kuwa wakaidi kwa mila zao. Chanjo ilikuwapo, ni kweli, na dawa pia, na bahati ina sehemu yake katika mlipuko wowote. Lakini milipuko hii miwili ilikabiliwa kwa kiasi kikubwa na wahudumu wa afya wa mkoa wenyewe, waliokuwa wamejifunza kazi katika ule mkubwa, walioishi katika mitaa waliyoihudumia na ambao watoto wao walisoma na watoto wa wagonjwa. Kama mila ndiyo iliyokuwa kikwazo mwaka 2018, ingekuwa bado ipo 2021.

Mwaka 2016, katika mkutano wa Istanbul kuhusu misaada ya kibinadamu, wafadhili na mashirika makubwa waliahidi kwamba kufikia 2020 angalau robo ya fedha za misaada ya dharura zitawafikia watendaji wa ndani ya nchi kwa njia iliyo ya moja kwa moja kadiri iwezekanavyo. Lengo hilo halikufikiwa. Sababu inayotolewa mara nyingi ni kwamba mashirika madogo hayana uwezo wa kutunza hesabu, na sababu hiyo ina ukweli ndani yake. Shirika lenye watumishi watano haliwezi kujaza fomu zilizotungwa kwa ajili ya shirika lenye watumishi elfu tano. Lakini uwezo huo hununuliwa. Shirika la kimataifa hupewa asilimia fulani ya kila mradi, kwa kawaida kama saba, kwa ajili ya uendeshaji wa ofisi yake, na mara nyingi mshirika wake wa ndani anayefanya kazi yenyewe hapati kitu katika fungu hilo.

Kwa sasa jambo hili si la kinadharia. Goma ilitekwa na waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, kambi za waliohama zilizouzunguka mji zikavunjwa wiki chache baadaye, na mwaka huohuo Marekani, iliyokuwa mfadhili mkubwa kuliko wote wa misaada ya dharura nchini Kongo, ilikata sehemu kubwa ya fedha zake. Fedha kidogo zilizobaki zitagombaniwa, na katika maombi yatakayoandikwa kila shirika litadai kuijua jamii. Mfadhili anayetaka kulipima dai hilo aache sehemu ya maneno aende kwenye jedwali la bajeti, aangalie fungu la uendeshaji limekwenda kwa nani. Fungu hilo ndilo linalolipa mhasibu, kodi ya ofisi na mshahara wa mwezi ambao hakuna mradi, na bila hilo chama cha Butembo kinachozijua familia za Katwa kwa majina kitaendelea kukodiwa kwa miezi mitatu mitatu na kuonyeshwa mpango baada ya kuwa umeshatiwa saini.